Kiti cha Kando

"Mkono! Mshike mkono!" mwalimu wa darasa alipaza sauti kutoka upande wa pili wa chumba, lakini kofi lilikuwa limeshatua.

Lilitua mahali pale pale pa siku zote, chini kidogo ya jicho la kushoto, juu ya mfupa wa shavu. Likafuata jingine. Mtoto aliyejipiga hakulia. Alikaa wima mbele ya trei ya shanga, uzi ukining'inia kwenye mkono wake wa kulia, akitazama mbele kama mtu anayejaribu kuisikia redio ya nyumba ya jirani. Mkono wa kushoto ulikuwa unapanda tena mwalimu alipofika mbio, akaudaka hewani, akaisukuma trei pembeni kwa kiwiko na kupiga magoti.

"Basi, mama. Basi. Basi."

"Basi," mtoto akasema.

Kwenye kona, juu ya kiti cha chekechea kilichoyapandisha magoti yake karibu na kidevu, Bi Saa alibonyeza saa yake ya kupimia muda, akaandika. Hakuinuka. Kutoinuka kulikuwa sehemu ya kazi yake, na miaka yote hiyo hakuwahi kukuzoea.

Saa hiyo ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, nayo ndiyo iliyompa jina. Watoto wa kituo walianza kumwita Bi Saa, walimu wakadakia, na sasa hata mumewe nyumbani, akitaka kumchokoza, alimwita hivyo. Alikuwa ameanza pale kama msaidizi wa kuogesha watoto. Halafu akasoma, likizo baada ya likizo, mpaka akawa mtathmini wa tabia, na cheti chake kikatundikwa sebuleni juu ya televisheni, kimepinda kidogo upande mmoja kwa sababu mumewe hakuwahi kuwa na jicho la kupima.

Watu walidhani anahesabu makofi. Kuhesabu makofi hata mlinzi wa getini angeweza. Bi Saa alitafuta kilichokuja kabla ya kofi na kilichokuja baada yake, kwa sababu mtoto asiyeweza kusema sitaki, au nataka, au naumwa, lazima aseme kwa njia nyingine, na mtu fulani lazima akae chini na kujifunza lugha hiyo. Kwa huyu binti, Bi Saa aliamini ameshajifunza. Kinakuja nini kabla? Shanga. Kinakuja nini baada ya kofi? Shanga zinaondolewa. Mtoto anaikimbia kazi. Aliyaona hayo tena na tena mpaka akawa anaweza kuyatabiri, na kila yalipotokea kama alivyotabiri alisikia uchungu na, ndani ya uchungu huo, kitu kama kuridhika, ambacho hakumwambia mtu.

Mtoto alikuwa na jina zuri aliloandikiwa siku ya kuzaliwa. Lakini baba yake, kabla hajasafiri kwenda kutafuta maisha mahali ambapo simu zake zilizidi kuwa fupi, alikuwa akimwita Kasuku, kwa kuwa alirudia neno la mwisho la kila aliyezungumza naye. Jina likamkaa. Na mama yake, mwanamke mwembamba aliyepiga pasi kwenye duka la dobi, akawa Mama Kasuku kwa mtaa mzima.

Jioni ile mkuu wa kituo alimwita Bi Saa ofisini. Alikuwa na ripoti mbili mezani, na alizitenganisha kwa mkono kama mtu anayeamua ugomvi wa majogoo.

"Hii ni yako," alisema. "Hii imekuja kutoka kliniki. Wamemfanyia tathmini na wao, mama yake alimpeleka. Soma pale mwisho."

Bi Saa alisoma pale mwisho. Akarudia. Mtathmini wa kliniki alikuwa amemweka Kasuku kwenye chumba maalumu, akampima kwa utaratibu, hali moja baada ya nyingine, na alikuwa na uhakika: mtoto anajipiga ili watu wamwangalie. Alishauri kwamba akijipiga, aliye karibu ahakikishe hataumia, kisha ageuke, asimtazame, asiseme neno.

"Huyu anataka tumwache," Bi Saa alisema. "Mimi nimesema tusimwache. Tubaki naye, tumsaidie amalize."

"Ndiyo maana nimekuita. Yeye akiwa sahihi, wewe unamwagia moto petroli. Wewe ukiwa sahihi, anayemwaga ni yeye." Mkuu alivua miwani yake. "Na daktari wa macho ameandika pia. Anasema ule utando wa nyuma ya jicho umeanza kuvutika. Makofi yakiendelea utaachia. Ukiachia, jicho limekwenda."

"Mama yake anafanya lipi kati ya haya mawili?"

"Yote," alisema mkuu. "Asubuhi lako, jioni la kliniki."

*

"Kwa hiyo huyo wa kliniki amekosea," alisema mumewe usiku wa siku ile walipokuwa wanakula. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, na sikio lake la upande wa dirisha lilikuwa limekufa kwa upepo na honi, kwa hiyo alisikia nusu ya habari na nusu nyingine akajijazia.

"Amekosea kila kitu."

"Kila kitu ni kingi, mke wangu. Hata mimi sijawahi kukosea kila kitu."

"Amemwona mtoto siku chache tu! Kwenye chumba kitupu! Mimi nakaa naye darasani tangu shule zifunguliwe."

"Ni mkubwa kwa umri?"

"Nani?"

"Huyo wa kliniki."

"Mdogo. Angeweza kuwa mwanangu. Amesoma nje, ana shahada mpaka zimekosa pa kuning'inia."

"Ahaa," alisema mumewe, akamega mkate, na hiyo ahaa yake ikamkera Bi Saa mpaka alipolala.

*

Kikao kiliitishwa wiki hiyo hiyo. Kijana wa kliniki alikuja na kompyuta kwapani, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Alipomwona Bi Saa aliinama kidogo. "Shikamoo, mama." Bi Saa aliitikia marahaba huku akisikia kama ameshawekwa kwenye mkeka wa mabibi wazee, mahali pa kuheshimiwa na kutosikilizwa.

Alianza yeye. Akaeleza kuhusu shanga, akaeleza kuhusu vifungo vya shati, akaeleza juu ya kila kazi ya mezani iliyoishia kwa kofi. Kijana alisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Nakubaliana na ulichokiona, mama," alisema. "Ila kuona tu hakutoshi. Darasani mambo mengi yanatokea kwa pamoja. Mimi nilitenganisha. Nilipomgeuzia mgongo, alijipiga. Nilipomgeukia, aliacha. Huwezi kupata kitu kilicho wazi zaidi."

"Chumba chako si maisha yake."

"Na maisha yake si ushahidi, samahani. Ni vurugu."

"Vurugu!" Bi Saa alicheka kicheko kikavu. "Basi vurugu hiyo ndiyo mimi nimeisoma. Wewe umesoma vitabu."

"Tena vizuri," kijana akajibu, na masikio yake yakaiva.

Mkuu wa kituo alikohoa. Mwalimu wa darasa akaangalia kucha zake. Waliendelea hivyo, mmoja akijenga na mwingine akibomoa, mpaka kiti kikaburuzwa sakafuni. Mama Kasuku alikuwa amesimama. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu tangu kikao kianze, na wote waliliona hilo kwa wakati mmoja.

"Mimi nilidhani ni kelele," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea juu ya mvuke wa pasi. "Nilizima redio. Nikawaomba majirani wazime zao, wakaniona nimeanza kuringa. Bado anajipiga. Nikaja kwenu. Dada, ukasema kaa naye, nikakaa. Kaka, ukasema geuka, nikageuka. Unajua kumgeuzia mgongo mtoto anayejipiga kunafananaje? Nimegeuka natazama ukuta, nasikia. Nasikia tu." Alichukua mkoba wake. "Mnagombania nani amepatia. Endeleeni. Jicho ni la mwanangu."

Alitoka. Hakuubamiza mlango, aliurudisha taratibu, na wote waliokuwa mle ndani wakabaki wanakitazama kitasa.

*

Bi Saa hakulala vizuri. Kulipokucha alimwambia mumewe kwamba anakwenda kliniki, na alimwambia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwenye sikio zima.

"Kugombana?"

"Kuangalia."

Chumba cha tathmini cha kliniki kilikuwa na kuta za rangi ya maziwa, meza ndogo, viti viwili na kamera iliyofungwa juu kwenye pembe. Kijana alimfungulia bila kuonyesha mshangao, ingawa hakumkaribisha kiti mpaka alipokumbuka. Bi Saa alipiga moyo konde.

"Mwanangu, jana niliongea vibaya. Nionyeshe ulichokiona. Nisipoona mwenyewe nitaendelea kubisha."

Akamwonyesha. Kwenye kioo cha kompyuta Kasuku alikaa mbele ya meza ile ile. Kijana alionekana akimwambia, "Wewe cheza, mimi nina kazi kidogo," kisha akageuza kiti na kufungua gazeti. Muda ukapita. Mkono wa kushoto ukapanda. Kijana akageuka mara moja: "Hapana, usijiumize, niko hapa," na mkono ukatulia. Ikarudiwa. Ikarudiwa tena. Bi Saa alisikia matumaini yake yakinywea. Ilikuwa kazi safi. Kama angeifanya yeye, angeandika yale yale.

Halafu akasogeza pua karibu na kioo. "Hiki mbele yake ni nini?"

"Mchezo. Vipande vya picha vya kuunganisha. Katika hali hii mtoto anapewa kitu anachokipenda, ili asikose kitu kingine isipokuwa watu. Nilimuuliza mama yake binti anapenda nini, akasema picha."

"Anapenda picha, ndiyo. Zilizokwisha kuunganishwa." Bi Saa alishindwa kujizuia, akatabasamu. "Hivi vipande darasani tunavitoa kipindi cha kazi. Kwake yeye hivi na shanga ni ndugu wa tumbo moja. Ulimpa kazi, mwanangu. Ukamgeuzia mgongo ukiwa umemwachia kazi."

Kijana alisimamisha picha. Akavitazama vile vipande. Bi Saa alisubiri abishe. Alikuwa na majibu tayari, yamepangwa foleni.

"Naomba nije darasani kwako kesho," alisema kijana.

Alikuja. Alikalia kiti kifupi cha chekechea kando ya Bi Saa, shati lake lililonyooshwa likikunjamana tumboni, akaanza kutazama. Kipindi cha shanga kilipofika mambo yalikwenda kama siku zote. Mwalimu akaweka trei, akamwonyesha Kasuku shanga ya kwanza, akamsifu, akakimbilia meza ya pili ambako mtoto mwingine alikuwa anakula gundi. Mkono. Kofi. Mwalimu akarudi mbio, trei ikasukumwa, basi, mama, basi. Bi Saa akamgeukia kijana kwa macho yanayosema, unaona?

"Mwalimu alikwenda wapi?" kijana alinong'ona.

"Lini?"

"Kabla ya kofi."

Bi Saa aliangalia alichoandika. Alijua shanga zilikuwa za rangi gani. Alijua mwalimu alisema nini. Ila mwalimu aliposimama na kuondoka hakuona, kwa kuwa mwalimu alikuwa anaondoka siku zote, angefanya nini, watoto wengi na yeye mmoja. Kuondoka kwake kulikuwa sehemu ya chumba, kama dirisha.

"Wiki zote hizi," alisema polepole, "nimekuwa nikitazama meza. Sikutazama kiti."

Kijana hakutabasamu. Kwa hilo Bi Saa alimshukuru moyoni, na kuanzia hapo ndipo alipoanza kumpenda.

Walitoka nje, wakakaa kwenye ngazi za nyuma ya kituo karibu na mapipa ya maji, wakaanza upya kama watu wawili waliopoteza ufunguo mmoja. Akijipiga, vitu viwili vinatokea kwa pamoja: mtu anakuja na kazi inaondoka. Bi Saa aliona cha pili. Kijana aliona cha kwanza bila kujua kwamba kazi nayo imo mezani. Hapakuwa na aliyeona uongo. Lakini kipi kati ya hivyo viwili anakitaka Kasuku? Au anataka kitu cha tatu?

"Tumuulize mama yake kuhusu kazi za nyumbani," Bi Saa alisema. "Safari hii tumuulize kweli."

*

Walimkuta kwenye duka la dobi, amezungukwa na mashuka. Hakuacha kupiga pasi. Kijana alimwomba radhi kwa ajili ya kikao, Bi Saa akamwomba radhi kwa ajili ya vyote, na Mama Kasuku akamaliza kwanza kupiga pasi foronya. Kisha akasema, "Ulizeni."

Kasuku alisaidia nini nyumbani? Vyombo. Alikuwa anasuuza. Anajipiga akisuuza? Hapana. Hata vikiwa vingi? Hata vikiwa vingi. Mama yake alitaja hayo bila kuyatilia maanani. "Tunaosha pamoja, mimi natia sabuni yeye anasuuza. Nilidhani ni maji. Sauti ya maji inamtuliza, nilidhani. Tena ni kelele, nikawa sielewi."

"Na ukimwacha peke yake na vyombo uende kumfungulia mgeni mlango?"

Pasi ilisimama. Moshi mdogo ukaanza kupanda kwenye kitambaa, akashtuka, akaiinua.

"Mgeni hatuna," alisema. "Lakini siku simu ilipolia. Siku ile baba yake alipopiga."

Hakumalizia, nao hawakumsukuma.

Kijana alieleza walichotaka kufanya. Wampime pamoja, darasani, wote wakiwepo. Kwanza kazi, na mtu amekaa kando yake. Kisha bila kazi, bila mtu karibu. Kisha kazi, na mtu anaondoka. Hawatasubiri kofi. Mkono ukiinuka tu juu ya meza, hapo hapo wanasimamisha.

"Na mkichelewa?"

"Nitakuwa nimeshika mto mdogo," alisema Bi Saa. "Nitauweka kati ya mkono na jicho. Na wewe utakuwepo. Ukisema basi, ni basi, hata kama sisi tunaona bado. Ukikataa kabisa, tutatafuta njia nyingine."

Mama Kasuku alikunja shuka, kona kwa kona. Alimtazama kijana, akamtazama Bi Saa.

"Mmekubaliana nyinyi wawili?"

"Hatujui bado," Bi Saa alisema. "Ndicho tulichokubaliana."

Mwanamke yule akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu. Kicheko kifupi kilichomtoka puani. "Haya," alisema. "Nitaomba ruhusa."

*

Siku hiyo watoto wengine walipelekwa uwanjani. Darasa lilibaki na mwangwi. Mama Kasuku alisimama ukutani, mikono imekumbatia mkoba. Kijana alishika kamera. Bi Saa aliinama nyuma ya meza na mto wake, goti likimuuma, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile hakujua kitakachotokea. Aliogopa, na hofu hiyo ikamfanya aone kila kitu: vumbi kwenye mwanga wa dirisha, ufa kwenye trei, alama ya bluu chini ya jicho la mtoto inayogeuka njano pembeni.

Mwalimu alikaa kando ya Kasuku, akampa uzi. Shanga ya kwanza ikaingia. Ya pili ikagoma, ikaanguka, ikaokotwa, ikaingia. Mwalimu hakumsifu wala kumsaidia, alikaa tu. Kasuku alianza kuguna wimbo usio na maneno. Mkono wa kushoto ulikuwa na shughuli zake, ulishika shanga.

"Huyu hakimbii kazi," Bi Saa alijisemea ndani kwa ndani, na ripoti yake ya wiki zote ikamshuka mabegani kama koti zito.

Trei ikaondolewa. Wote wakarudi nyuma hadi ukutani, wakamgeuzia mgongo, hata mama yake. Kijana pekee aliendelea kutazama kupitia kamera, na Bi Saa kupitia kioo kidogo cha kujitazamia alichokishika mkononi. Katika hali hii ndipo kijana alipotabiri kofi, kwa uhakika wote wa ripoti yake. Kasuku alikaa. Akanyoosha vidole, akavitazama mwanga ukipita katikati yake. Akalaza shavu mezani. Hakuna mkono uliopanda.

Kisha Bi Saa akarudi nyuma ya meza na mto wake, na mwalimu akarudisha trei. Akampa uzi, akamwonyesha shanga ya kwanza, akasimama. Akapiga hatua kuelekea meza ya pili, kama afanyavyo kila siku. Hatua nyingine. Mguno wa wimbo ukakatika. Shanga ikabaki katikati ya vidole. Mkono wa kushoto ukaiacha meza.

"Rudi!" Mama Kasuku alipiga kelele kabla ya mtu yeyote. "Mwalimu, rudi!"

Mwalimu akarudi, akaketi. Bi Saa alikuwa ameshainua mto, na mto ukabaki hewani bila cha kuzuia. Mkono ulikuwa umesimama usawa wa kidevu. Trei ilikuwepo pale pale, hakuna aliyeigusa, shanga zote zikisubiri. Kasuku alimtazama mwalimu, si usoni, kwenye kiwiko, kiwiko kilichokaa karibu na chake. Mkono ukashuka. Shanga ikaingia kwenye uzi.

"Rudi," Kasuku alisema.

Kijana alishusha kamera, akajifuta jasho la mdomo kwa mkono wa shati.

"Amerudia tu," alisema kwa tahadhari. "Anarudia neno la mwisho kila siku. Tusije tukashangilia bahati."

"Tutapima tena," alisema Bi Saa. "Kesho na keshokutwa."

"Lakini mmesikia," alisema mama yake. Alikuwa ameuachia mkoba, umeanguka miguuni. "Mmesikia alichosema."

*

Walipima tena, na majibu yakaja yale yale. Ripoti waliiandika pamoja, moja, kwenye meza ya jikoni ya kituo, na waligombana karibu kila sentensi. Kijana alitaka maneno yanayopimika. Bi Saa alitaka maneno ambayo mama wa dobi angeyasoma bila kuomba msaada. Walipofika mahali pa kueleza mtoto anataka nini, kijana aliandika mstari mrefu, akaufuta, akaandika mwingine, akaufuta.

"Hataki kuachwa peke yake na jambo gumu," Bi Saa alisema.

"Hiyo si lugha ya ripoti, mama."

"Najua. Andika hivyo hivyo, kisha chini yake weka hiyo yako."

Akaandika hivyo hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ndefu, na mkuu wa kituo hakuwa na mtu wa ziada wa kumkalisha kando ya mtoto mmoja siku nzima. Wakahamisha meza ya Kasuku, wakaibandika kwenye meza ya mwalimu, kona kwa kona. Wakamfundisha kusema rudi kabla mkono haujapanda: mwalimu anaanza tu kuinuka, kijana ananong'ona neno, Kasuku analirudia, mwalimu anaketi. Kisha mnong'ono ukapunguzwa, ukawa mdomo uliofunguliwa bila sauti, ukawa si kitu. Na kiti cha mwalimu kikaanza kusogea, upana wa kiganja baada ya upana wa kiganja, mbali kidogo, na kurudi, na mbali tena. Zilikuwepo siku mbaya. Siku mwalimu alipougua na mgeni akashika darasa bila kuambiwa, Kasuku alijipiga mpaka shavu likavimba, na Mama Kasuku alipokuja kumchukua hakumsalimu mtu. Daktari wa macho alisema utando umeshikilia kwa sasa, na alilisema hilo la kwa sasa mara mbili.

Mumewe Bi Saa aliuliza, "Kwa hiyo mwishowe nani alipatia?"

"Wewe kula," alisema Bi Saa.

Asubuhi moja, jua lilipokuwa limeshaupasha ukuta wa mbele, Mama Kasuku alimleta mwanawe na kubaki naye kama kawaida yake, amesimama nyuma ya mlango, tayari kuruka. Kasuku aliketi. Mwalimu akampa kazi, akainuka, akaenda mpaka dirishani. Kutoka mezani, bila kugeuka, ikasikika, "Rudi." Mwalimu akarudi, akakaa kidogo, akaondoka tena, safari hii mbali zaidi, na kazi ikaendelea.

Bi Saa alimgusa mama yake mtoto begani. "Nenda ukakae nje kidogo."

"Nje wapi?"

"Popote. Kwenye benchi."

Mwanamke yule alitoka kama mtu aliyetumwa na kusahau alichotumwa. Alipochungulia dirishani baadaye, Bi Saa alimwona ameketi pembeni kabisa ya benchi, kana kwamba nafasi iliyobaki imeshikwa. Aliweka mikono magotini. Akaitoa, akaipachika kwapani. Akaikunjua tena na kuitazama, viganja juu, vyekundu kwa mvuke wa pasi, vitupu.

Bi Saa aliivua saa shingoni, akaiweka juu ya kabati. Akatoka nje, akaketi upande wa pili wa benchi. Mama Kasuku alimsogelea kidogo, na wote wawili wakakaa hapo juani, wakisikiliza kile kitakachotoka ndani.